Usihame kwa Hasira, Mdogo Wangu

Najua umekuja umevimba. Umeamka, umefungua X uone tu wenzako wameamkaje, na kabla hujapiga mswaki umeshakutana na mtu usiyemfuata anamtukana mtu usiyemjua, tangazo la kubeti, video ya watu wanapigana stendi, na chini ya posti yako jibu la kipuuzi limekaa juu kabisa kwa sababu mwenye nalo analipia tiki ya buluu kila mwezi. Ukasema basi, leo nafuta, nahamia Mastodon, liwalo na liwe. Ngoja kwanza. Weka simu chini, kunywa chai, tuongee.

Na usione haya kwamba jambo la simu linakukosesha raha. Watakucheka, watakwambia si uzime tu? Hawajui. Pale ndipo ulipopatia kazi, ndipo ulipomjua shoga yako wa Nairobi ambaye hamjawahi kuonana, na baba alipofariki ndipo watu wasiokujua walipokaa nawe mpaka usiku wa manane. Mambo hayo hayaachwi kwa kubonyeza kitufe. Ndiyo maana nasema hasira hasara, na nitalirudia mpaka unichoke.

Angalia yaliyowapata waliotangulia. Tarehe 27 Oktoba 2022 Elon Musk alimaliza kuinunua Twitter, hii tunayoiita X sasa, kwa dola bilioni 44, na watu wakafura. Mastodon, iliyokuwa na watumiaji kama 300,000 kwa mwezi, ikajikuta ndani ya wiki chache ina milioni 2.5. Seva zikaelemewa, waendeshaji wake, wengi wao watu wa kujitolea tu, wakakesha. Miezi michache baadaye wengi wa wageni wale walikuwa wamesharudi walikotoka, wala hawakuaga. Walikuwa wamehama ili kumkomoa mtu. Na ukihama kumkomoa mtu, siku ya kwanza una raha, ya pili unachungulia kama ameumia, ya tatu unagundua hana hata habari kwamba umeondoka.

Uchungu wenyewe nauelewa, usidhani natetea. Aprili 2021 Twitter ilitangaza kwamba ofisi yake ya Afrika itakuwa Ghana, tukapiga vigelegele bara zima. Novemba 2022 karibu wafanyakazi wote wa ofisi hiyo wakaachishwa kazi. Sisi tulileta vichekesho, tukaleta habari, tukaleta watu, na siku hesabu zilipopigwa tukawa miongoni mwa walioonyeshwa mlango. Mtu akikwambia huna sababu ya kukasirika, mwache. Ninachokataa mimi ni kuondoka ukiwa bado unatetemeka.

Sasa nikueleze unakokwenda, maana nusu ya mnaoniuliza mnadhani Mastodon ni X nyingine yenye rangi ya zambarau. Siyo. Ilianzishwa na kijana mmoja wa Ujerumani, Eugen Rochko, mwaka 2016, na haikai mahali pamoja. Ni maelfu ya seva, kila moja na mwenyewe na sheria zake, lakini zinaongea. Wewe wa Vodacom unampigia wa Airtel, naye anampigia wa Safaricom kule Mombasa, na hakuna anayeuliza mwenzake amesajili wapi, ndivyo ilivyo. Kinachoziunganisha kinaitwa ActivityPub, itifaki iliyopitishwa na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, mwaka 2018. Kwa hiyo jina lako litakuwa na sehemu mbili, lako wewe na la seva uliyojiandikisha, na hapo ndipo wengi mnapotaharuki na kufunga ukurasa. Usifunge. Barua pepe unayo miaka yote, nayo ina jina lako, alama ya @ na jina la wenye mtambo, na haijakuua.

Maana yake kubwa ni hii: hakuna tajiri atakayeamka asubuhi auziwe Mastodon yote pamoja na wewe ndani yake. Lakini usinielewe vibaya ukadhani umefika mahali pasipo bosi. Seva yako ina bosi. Anaweza kukufungia, anaweza kuchoka, anaweza kuishiwa. Mwaka 2023 mwenye mastodon.lol, seva iliyokuwa na maelfu ya watu, alichoshwa na ugomvi na matusi aliyokuwa akitupiwa, akatangaza anafunga. Aliwapa watu miezi ya kufungasha, na hapo ni muungwana. Mwaka 2024 seva ya queer.af ilipoteza jina lake kwa sababu herufi hizo mbili za mwisho ni za Afghanistan, na serikali ya Taliban ikalisimamisha. Jina linavutia kweli, lakini mkia wake ulikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo ukichagua seva angalia na mkia wa jina, mdogo wangu. Tumeambiwa tangu utotoni tuulize ukoo wa mtu kabla ya kumwingiza ndani, na mambo ya mtandaoni hayajabadilisha hilo.

Lakini usipitilize. Kuna dada mmoja amekwama kwenye kuchagua seva tangu mwaka juzi. Kila akinipigia ananisomea orodha. Jamani! Soma sheria zao, zinakuwa pale pale kwenye ukurasa wa kujisajili. Angalia ina miaka mingapi, angalia kama wanasema pesa ya kuiendesha inatoka wapi na nani anashughulikia watu wakiripotiwa. Hayo yakikuridhisha, ingia. Ile kubwa kuliko zote, mastodon.social, si dhambi kuanzia, ila mimi napenda zaidi za katikati, ambako ukiripoti mtu anayekusumbua kuna binadamu anasoma. Baadhi zitakuuliza kwa nini unataka kujiunga. Usiandike "nataka tu". Mwenye seva anasoma maombi hayo mmoja mmoja usiku baada ya kazi yake, na "nataka tu" ndiyo wanayoandika matapeli. Mwambie wewe ni nani na unapenda kuongelea nini, sentensi mbili zinatosha.

Ukichagua vibaya, unahama tena, na hapo ndipo raha ya mambo haya ilipo. Kwenye akaunti mpya unaitaja ile ya zamani, kisha kwenye ya zamani unaamuru kuhama, na wafuasi wako wanakufuata wenyewe bila kuulizwa. Unaowafuata wewe unawabeba kwa faili, pamoja na orodha ya uliowazuia. Posti zako za zamani hazihami. Hizo zinabaki ulikoziandika. Na wafuasi wa X hawahamishiki kwa amri yoyote. Wale ni wa kuitwa mmoja mmoja kwa mdomo wako.

Haya, tuje kwenye kinachowaliza wengi: kimya.

Utaingia, utaandika "habari zenu", na hakuna atakayejibu. Utaandika tena kichekesho ambacho kule kingekupa mia mbili, hapa kitapata mmoja, tena ni mwenye seva anakuonea huruma. Utajiona mjinga. Utaanza kufikiri hupendwi. Mdogo wangu, nisikilize vizuri hapa: kule ulikotoka kuna mtambo uliokuwa ukikuchagulia cha kuona na kuwachagulia wengine wakuone, kwa faida yake, siyo yako. Mastodon haina mtambo huo. Ukurasa wako unaonyesha wale uliowafuata tu, wa sasa hivi juu, wa jana chini. Hujamfuata mtu, huoni kitu. Hakuna aliyekufuata, hakuna anayekusikia. Hawakukuchukia; hawajui kama umefika.

Na pia, tuseme ukweli wetu, tulishazoea kupigiwa makofi. Mwili unataka ile tinting ya simu. Wiki za kwanza utaikosa, utakuwa unafungua na kufunga, unafungua na kufunga, na kuna usiku utarudi X "kuchungulia tu". Rudi, sitakugombeza. Nitakugombeza ukirudi halafu ukaandika kwamba Mastodon imekufa wakati hukumfuata hata mtu mmoja.

Dawa yake ni kazi ya mikono. Andika posti ya kujitambulisha na uweke alama ya reli, maana huko watu hutafutana kwa hizo. Fuata watu kwa wingi, hata kama huna uhakika nao. Kuacha kumfuata mtu si talaka. Jibu watu. Ukipenda posti, usiishie kubonyeza nyota, kwa sababu nyota inamfurahisha aliyeandika basi, haimsogezi mbali. Irushe tena ndipo wanaokufuata wewe waione. Kule X ukipenda kitu kimya kimya mtambo ulikuwa unakibeba. Hapa wabebaji ni sisi wenyewe.

Na andika Kiswahili. Najua tuko wachache huko, najua utashawishika kuongea Kiingereza ili wakuelewe wa Berlin na Toronto. Ongea nao, si vibaya, lakini mezani kwako kuwe na Kiswahili. Kila posti ina mahali pa kuchagua lugha, Kiswahili kimo kwenye orodha, kichague. Mtu anayesoma posti zinazopita zote anaweza kuchuja kwa lugha, na ukiacha ile "English" iliyojiweka yenyewe umejificha mwenyewe kwa wenzako. Wadogo zangu mlioko Muscat, Minneapolis na Bujumbura mnajua ninachosema, ninyi ndio mnaokaa macho usiku mkitafuta mtu wa kutaniana naye kwa lugha ya mama.

Ila kubwa kuliko yote: usihame peke yako. Kabla ya kufungua akaunti, fungua lile kundi lenu la WhatsApp, tafuta watano ambao kweli mnaongea kila siku, muende pamoja wiki moja. Watano wanaojibizana wanashinda wafuasi elfu nne wanaopita tu. Waliokaa Mastodon mpaka leo niwajuao mimi wote walikwenda na mtu, au walikuta mtu. Aliyekwenda peke yake kwa hasira hajamaliza mwezi. Si nilikwambia nitarudi hapo?

Kuna adabu za huko pia. Ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Picha ukiiweka, andika maelezo yake kwa maneno, kwa sababu wako wasioona ambao simu zao huwasomea. Usipoandika, wao wanasomewa "picha" tu, na hao wenyeji watakukumbusha kwa upole mara ya kwanza, mara ya pili bila upole sana. Alama ya reli yenye maneno mawili, anzisha kila neno kwa herufi kubwa, ni kwa sababu hiyo hiyo. Habari ya damu au ya kutia kichefuchefu ifunike kwa onyo, mtu afungue akitaka. Kiki hazipendwi. Uchawa ndio kabisa. Mambo ya kumchamba mtu mbele ya kadamnasi ili upate wafuasi, yaache hapo mlangoni na viatu.

Lakini nisiwapambe wenyeji kupita kiasi, maana nao wana yao. Wako wanaojifanya walimu wa nidhamu. Watu weusi wengi waliohamia 2022 walilalamika kwamba wakisimulia ubaguzi waliofanyiwa walikuwa wanaambiwa wafunike kwa onyo, eti usiwaharibie wengine siku. Upuuzi huo ukikukuta, usibishane mpaka alfajiri. Una kitufe cha kumzuia mtu, na una kingine cha kuizuia seva yake nzima na wote waliomo. Kibonyeze ulale.

Sasa hapa nishike mkono nikufinye kidogo, kwa sababu hili limewaaibisha watu. Ujumbe wa faragha wa Mastodon si faragha ya WhatsApp. Haujafungwa kwa ufunguo; mwenye seva yako akitaka, anaweza kuusoma, na mwenye seva ya unayemwandikia vile vile. Halafu kuna mtego mwingine mbaya zaidi. Ujumbe huo ni posti ya kawaida, ila inaonekana na waliotajwa tu. Waliotajwa wote. Tuseme uko na shoga yako mnamsengenya wifi, na kwa mazoea ukamtaja wifi kwa jina la akaunti yake, lile lenye alama ya @. Umeshamwalika. Simu yake imelia, anasoma mlivyosema kuhusu pilau lake. Umbea wa maana upelekeni kwenye Signal, au subirini mkutane saluni.

Na kwa wale mnaohama kwa sababu ya kufungiwa, nina maneno yenu. Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa, na tarehe 20 mwezi huo X ikaacha kupatikana nchini bila VPN. Na hizo VPN zenyewe TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, ilishataka tangu Oktoba 2023 wanaozitumia wajisajili. Uganda nako Facebook ilifungwa Januari 2021. Ni kweli kwamba seva zikiwa maelfu ni vigumu kuzifunga zote kwa siku moja. Lakini usijidanganye kwamba umejificha. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na hazikuandikwa kwa ajili ya X peke yake. Neno linaloweza kukupeleka kituoni ukiliandika kule, litakupeleka ukiliandika na huku. Mama yako hatajua tofauti ya seva siku anatafuta wa kukuwekea dhamana.

Biashara je? Hapo nitakuwa mkali. Kuna mdogo wangu mmoja anashona magauni Mwanza, wateja wake wote wanatoka Instagram na X, akaniambia anataka kufunga vyote kwa ajili ya dhamira. Nikamwambia dhamira ni nzuri, na kodi ya chumba cha kushonea inalipwa mwezi huu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Afungue Mastodon jioni kwa ajili ya roho yake, aendelee kuuza alipo mpaka wateja wamjue kwa namba ya simu. Vivyo hivyo ukiwa unaishi kwa kelele za pamoja. Wakenya walipoupinga Muswada wa Fedha Juni 2024, vikao vya sauti vya X vilijaa maelfu, na tarehe 5 Julai Rais Ruto mwenyewe akaingia kwenye kimojawapo kujibu maswali. Mastodon haina uwanja wa namna hiyo, na sitakudanganya kwamba utaupata kesho. Kama sauti yako inahitajika pale, baki pale, bila kuona kwamba umeshindwa.

Mtaniuliza na Bluesky na Threads. Bluesky ilifunguliwa kwa watu wote Februari 2024, ni rahisi kuzoea, inafanana na Twitter ya zamani, ila inatumia itifaki yake nyingine na watu wake wengi bado wako mikononi mwa kampuni moja. Threads ni ya Meta, wale wale wa Facebook. Kama ulikuwa unamkimbia tajiri, angalia usije ukamkimbilia nduguye.

Umeamua? Basi ondoka kwa mpango. Omba X ikupe kumbukumbu zako zote. Inachukua siku moja au zaidi kuziandaa, na humo mna picha za msiba, za harusi, na maneno ya watu ambao hawapo tena. Zishushe kwenye kompyuta, siyo kwenye simu iliyojaa. Weka anwani yako mpya kwenye wasifu wako wa zamani, na wape watu namba au barua pepe mapema kwa njia nyingine pia, kwa sababu Desemba 2022 Twitter iliwahi kuzuia watu kutaja anwani zao za Mastodon. Walirudi nyuma haraka, lakini aliyefanya mara moja anaweza mara mbili. Akaunti ya zamani usiifute. Ifunge tu iwe ya faragha, uitembelee mara moja moja. Ukiifuta, unafungua nafasi ya tapeli kujitokeza na jina linalofanana na lako aanze kuwakopa shangazi zako.

Halafu kuna lile ambalo sisi hatupendi kulisikia, la pesa. Hakuna matangazo huko, kwa hiyo umeme na mtambo vinalipwa na mwenye seva na wanaomchangia. Wengi hupokea kwa kadi, wachache watakuelewa ukiwauliza lipa namba, kwa hiyo tumia ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa. Kiasi cha soda mbili kwa mwezi ni heshima. Kama mwezi huu mambo ni magumu, usichange, na usikimbie kwa aibu. Ukiona tapeli wa kuuza bitcoin anawasumbua watu, mripoti, uandike na sababu kwa sentensi kamili. Mwenye seva atakushukuru zaidi ya zile soda.